Sura ya Tisa: Soya Iliyoanikwa Kama Dagaa

Kuku wa kumi na moja alipopasuliwa, Inspekta Oswald Ntagaye alikuwa ameshachoka kujifanya hasikii harufu. Alisimama pembeni mwa meza ya mbao nje ya banda la kuku pale Katubuka, leso puani, daftari mkononi, akimtazama Daktari Dismasi wa mifugo akichokoa matumbo kwa kisu kidogo utadhani anachambua mchele. Daktari huyu hakuwa mtu wa haraka. Ukimuuliza swali alikujibu baada ya kumaliza alichokuwa akifanya, na alichokuwa akifanya kilikuwa hakiishi.

Oswald yeye alikuwa na haraka. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Agosti mwaka 2003, na Jumatatu jalada lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka. Ndani ya jalada mlikuwa na jina moja tu la mtuhumiwa: Consolate Nizigama, mkimbizi wa Burundi, mchanganya chakula wa mradi wa kuku wa nyama wa kina mama wa Katubuka. Kuku mia mbili na kumi kati ya mia nne walikuwa wamekufa ndani ya siku tisa, bado wiki moja tu wachinjwe. Chakula alikichanganya yeye peke yake, na chini ya kitanda chake ilipatikana pakiti ya sumu ya panya.

Oswald ndiye aliyemkamata. Alimfunga pingu Jumatano asubuhi pale sokoni, watu wamejaa, akamwambia kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza ndizi kwamba nchi hii imemlisha naye anairudishia sumu. Watu walipiga makofi. Wakati ule maneno yale yalimpendeza mwenyewe.

Consolate hakuwa mkazi wa mji kwa kupenda. Alikuwa na kibali cha kutoka kambini kwa sababu ya binti yake, Ishimwe, mtoto wa miaka sita aliyepasuliwa mguu na ambaye kila Alhamisi alitakiwa hospitalini kusafishwa kidonda. Kibali kilimruhusu kuishi na kufanya kazi Katubuka, na kufika sokoni na hospitali, si hatua moja zaidi. Akishtakiwa tu kinafutwa, mama na mtoto wanapakiwa kwenye lori, na mguu ule basi tena. Hilo Oswald alilijua tangu Jumatano. Alikuwa amelisukuma pembeni, kama mtu anavyosukuma mfupa kwenye ukingo wa sahani.

"Haya," Dismasi akasema hatimaye, akijifuta mikono. "Sumu sahau. Mia nne wakila sumu chungu kimoja, wanalala chini pamoja. Hawa wamekufa kwa mafungu, leo kumi, kesho thelathini. Walichokufa nacho ni kuhara damu."

Oswald akafunga daftari. Kama ni ugonjwa, basi kazi imekwisha.

Dismasi akamwambia asikimbie. Kuhara damu kunapenda maranda mabichi, yale makapi ya mbao yanayotandazwa chini ya kuku, na maranda ya banda hili yalikuwa yamelowa chapachapa. Tangu Mei mvua haijanyesha. Bati halivuji, vyombo vya maji havivuji. Aliyelowesha maranda ni kuku mwenyewe, kwa kuharisha maji wiki nzima kabla ya ugonjwa kuingia. Kisha akaweka mbele ya Inspekta vipande viwili vya nyama nyembamba, kimoja cha kuku wa Katubuka, kingine cha kuku wa umri uleule aliyemnunua kwa mfugaji wa Buzebazeba anayelishia dagaa. Vyote vilikuwa kongosho. Cha Katubuka kilikuwa kimevimba karibu mara mbili.

"Kongosho linavimba likifanya kazi bure," akasema. "Kuku anakula, chakula kinapita. Kuna kitu kwenye chakula kinamzuia asisage."

"Kitu kilichowekwa?"

"Au kitu ambacho hakikuondolewa. Niachie unga wa kila gunia, wewe nenda kaulize watu wako."

Oswald akajiambia kwamba kitu kikiwa kwenye chakula kuna aliyekitia, na kama si Consolate basi yupo mtu mwingine mwenye sababu. Na mwenye sababu alikuwepo. Mpaka mwanzoni mwa mwaka mradi ulikuwa ukilisha kuku dagaa wa Mzee Gharib, mfanyabiashara wa Ujiji mwenye viwanja vya kuanikia kule Bangwe. Nyumba za wageni zikaanza kulalamika: kuku anakuja mezani na ndimu na pilipili, ukimng'ata ananuka samaki. Consolate ndiye aliyewaonyesha kina mama kazi ya soya. Alikuwa akiifanya kwao kabla ya vita, kwenye shamba la kuku la wamisionari. Kundi la kwanza lililoachishwa dagaa likatoka na kilo mbili kila kuku kwa wiki saba, nyama haina shombo hata chembe. Gharib akapoteza mteja. Wiki hiyohiyo alisikika barazani akisema kina mama wale watamkumbuka.

Inspekta alimkuta Bangwe, amekaa kwenye kigoda kando ya dagaa waliotandazwa mchangani, kofia yake ya kufuma imesukumwa nyuma. Oswald akampa shikamoo, akaketi juu ya gunia, akamuuliza moja kwa moja. Mzee hakukataa. Ndiyo, alisema watamkumbuka, na bado anasema, kwa kuwa soya ni chakula cha kutengenezwa na watu na dagaa ni chakula cha Mungu. Ndiyo, ana sumu ya panya stoo. Akauliza ni nani Ujiji nzima asiyekuwa nayo, na kama Inspekta mwenyewe nyumbani kwake hana. Oswald alikuwa nayo, juu ya kabati la vyombo. Hakuandika kitu.

"Mara ya mwisho kufika Katubuka lini, mzee?"

"Wiki tatu zilizopita. Nilikwenda kuwauliza kama wameshakinai hizo soya zao. Nikakuta wameianika juu ya mabati, wanaigeuza kwa reki, vilevile tunavyogeuza sisi hapa. Nikacheka peke yangu njia nzima. Wamemkimbia dagaa, lakini mikono bado inamkumbuka."

Oswald alicheka naye kidogo, kwa adabu, akaaga. Alipokuwa amefika barabarani ndipo kicheko kilipomkauka. Katika maelezo yote aliyochukua, kila mama alisema soya ya mradi hukaangwa kwenye sufuria kubwa mpaka inukie kama karanga. Hakuna aliyetaja kuanika.

Alirudi Katubuka kwa pikipiki ya kituo. Dismasi alipolisikia lile hakusema ajabu wala nini. Aliomba tu mbolea ya urea, ile ya kukuzia mahindi, na chupa mbili za jemu zenye vifuniko. Kwenye kona ya gunia la zamani ulikuwa umebaki unga wa kundi la kwanza, wa kahawia. Gunia jipya lilikuwa na unga mweupe wenye harufu ya maharage mabichi. Akatia kila unga kwenye chupa yake, kijiko cha urea, maji ya uvuguvugu, akafunika, akaziweka juani, akawasha sigara. Soya mbichi, alieleza, ina kitu kinachoichachua urea ikatoa hewa ya harufu kali. Moto ukiipata soya sawasawa, kitu hicho kinakufa, na kinakufa pamoja na kile kinachomziba kuku tumbo. Jua haliwezi kuviua. Jua linakausha tu.

Sigara ya pili ilipokwisha alimpa Oswald chupa ya unga wa kahawia. Huyu akanusa, akasikia karanga. Akampa ya pili. Oswald alifungua kifuniko, akarudisha kichwa nyuma, machozi yakamlenga. Harufu ile aliijua vizuri sana, ni ya ndoo ya mahabusu kituoni kwake asubuhi kabla haijamwagwa. Consolate alikuwa akiivuta kwa siku ya tatu.

"Mbichi," akasema Dismasi. "Hakuna aliyewaua kuku hawa, Inspekta. Wamelishwa soya isiyoiva, basi."

Oswald alimwita mwenyekiti wa mradi, Bi Saumu, mwanamke wa Ujiji, mtu mzima, mtu wa kauli yake, ambaye siku zote mbili alikuwa wa kwanza kutaka mkimbizi yule afungwe. Sasa alikuja taratibu, kanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Aliziona zile chupa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kabla hajaambiwa kaa.

"Nani alisema soya ianikwe?"

"Mimi."

"Consolate alisemaje?"

"Alisema jua halitoshi. Alisema mara mbili. Nikamwambia mimi nimezaliwa juu ya dagaa, jua la ziwa hili linaivisha kila kitu. Chakula kilikuwa kimebaki cha siku moja, afande. Kuku hawezi kulala njaa."

"Na nilipomfunga pingu ulikuwa wapi?"

Bi Saumu alitazama vidole vyake vya miguu. "Nilikuwa nyuma yako," akasema. "Nilipiga makofi."

Oswald alikuwa na maneno makali tayari mdomoni, maana hiyo ndiyo kazi yake. Akaona aibu kuyatoa. Aliuliza tu kwa nini soya haikukaangwa kama siku zote. Kuni hazikuwepo, akajibiwa. Kuni huleta Consolate, mzigo mmoja kwa kila gunia. Wiki ile alitoka alfajiri akarudi saa nne mikono mitupu, nguo zimejaa vumbi, goti linatoka damu. Hakusema kilichompata na Bi Saumu hakuuliza. Jikoni, kwenye msumari juu ya mafiga, ilining'inia kamba anayofungia mizigo, iliyosukwa nyuzi tatu kutoka turubai la kambini, rangi ya bluu na nyeupe, ncha zake zimeshonwa kwa uzi mwekundu zisifumuke. Zilikuwa mbili, alisema Bi Saumu, moja haijulikani ilikokwenda.

Oswald aliishika kamba ile, akaigeuza. Alikuwa ameona kazi hii ya mkono mahali fulani, na hakukumbuka wapi.

Alikumbuka saa nane mchana, nyumbani kwake. Mkewe, Veneranda, alikuwa amemwekea ugali na samaki aina ya mgebuka wa kukaanga chini ya kivuli cha ukuta. Oswald alinawa, akamega tonge, akainua macho. Mashuka yalikuwa yameanikwa uani, na kamba iliyoyabeba ilikuwa ya bluu na nyeupe, nyuzi tatu, ncha iliyofungwa kwenye nguzo imeshonwa uzi mwekundu.

Aliuliza imetoka wapi. Veneranda akamshangaa. Ilikuja na kuni za kipaimara cha binti yao, kuni alizozileta Oswald mwenyewe kwenye difenda ya kituo. Mzigo ule ulikuwa umefungwa vizuri kuliko yote, akaona si vyema kuichoma kamba nzuri namna ile. "Nilikwambia siku ile," akasema, "aliyefunga huu ni mtu msafi."

Oswald akarudisha tonge sahanini. Jumamosi ya kwanza ya Agosti alikuwa ameongoza operesheni ya vibali kwenye mlima ulio nyuma ya Katubuka. Wanawake walitupa mizigo wakatawanyika vichakani. Hakuna aliyekamatwa, maana hakuna aliyejisumbua kuwakimbiza. Askari walikusanya kuni. Mizigo kumi na tisa. Saba ilikwenda kwake, na Jumapili yake ilipika pilau ya wageni themanini, paroko akasifu wali. Oswald aliinuka bila kula. Akaifungua kamba mwenyewe, mashuka yakaanguka, mkewe akabaki ameshika kiuno.

Consolate aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila pingu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na siku tatu za lokapu zilikuwa zimemwachia midomo mikavu, lakini kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimefungwa sawasawa. Kabla hajaulizwa lolote aliuliza yeye: jana Alhamisi, mtoto alipelekwa hospitali? Oswald hakujua. Ilimbidi atoke nje akaulize, na ilimbidi arudi aseme hapana, jirani aliyebaki naye aliogopa kuonekana. Consolate akaitika kwa kichwa. Oswald akamuuliza juu ya sumu ya panya. Panya walikuwa wakimjia mtoto usiku kunusa bendeji, akasema, ndiyo maana aliinunua.

Oswald akaweka kamba mezani.

Mwanamke yule alinyoosha mkono, akapapasa ile ncha yenye uzi mwekundu.

"Ni yangu," akasema.

"Ulikuwa mlimani siku ile."

Consolate akarudisha mkono mapajani.

"Mama Ishimwe, sikuulizi nikufunge. Nimeshajua soya haikuiva. Nimeshajua ulisema jua halitoshi, na Bi Saumu amekiri. Nataka kujua mzigo wa kuni ulikwendaje."

"Unajua ulikwendaje," akasema Consolate. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha lafudhi ya Kirundi, kila neno limewekwa mahali pake. "Mimi nilianguka nyuma ya jiwe. Wewe ulisimama hapo, karibu, kama kutoka hapa kwenye mlango. Uliupiga mzigo wangu teke kidogo, ukasema, huu umefungwa vizuri, huu utakwenda kwangu."

Oswald alikuwa ameyasema maneno hayo. Aliyakumbuka mpaka mlio wake. Alihisi uso unamwaka, masikio, shingo mpaka ndani ya kola, na hakukuwa na mtu wa kumkaripia ili upoe. Alikuwa Muha wa Kasulu, mpakani na Burundi. Mama yake mzazi alibeba kuni mpaka mgongo ukapinda. Akauliza kwa nini siku tatu hizi hakusema.

"Ningesema nini, afande? Kwamba soya haikupata moto kwa kuwa sikuwa na inkwi, yaani kuni, na inkwi sikuwa nazo kwa kuwa nilikuwa mlimani? Kibali changu kinasema Katubuka. Nikisema, nimejifunga. Nikinyamaza, nimefungwa. Nikaona bora ninyamaze, labda utachoka."

Hapo Inspekta akaona shimo alilochimba lilivyokuwa refu. Ili Consolate aachiwe, jalada lilipaswa kueleza soya mbichi. Kueleza soya mbichi ni kueleza kuni, na kueleza kuni ni kumweka mlimani nje ya kibali. Mwendesha mashtaka angemfutia shtaka la sumu asubuhi, na mchana lori lingekuja kumchukua. Kweli yenyewe ingemmaliza.

Oswald akavuta karatasi ya maelezo, ile wanayoandikia mashahidi, akaandika jina lake mwenyewe juu. Aliandika polepole, hakufuta neno. Alipomaliza akamsomea.

"Mimi, Inspekta Oswald Ntagaye, Jumamosi ya kwanza ya Agosti niliongoza operesheni tukachukua mizigo kumi na tisa ya kuni. Saba niliipeleka nyumbani kwangu kwa sherehe yangu, bila ruhusa ya mtu yeyote. Mmoja ulikuwa wa mradi wa kuku wa Katubuka, wa kukaangia soya. Kwa kukosa kuni mradi ulianika soya hiyo, ikalishwa kuku ikiwa mbichi, nao wakaugua wakafa. Sumu haikuwepo. Mtuhumiwa hana kosa, na nilimdhalilisha mbele ya watu. Waliobeba kuni walikimbia. Siwezi kumtambua hata mmoja kati yao, kwa sababu sikumwangalia yeyote usoni."

Consolate alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza kama mtu anayepima uzito wa kitu.

"Soma tena hapo mwisho."

Akasoma tena.

"Ni kweli," akasema Consolate.

Oswald akatia sahihi. Alijua karatasi ile itapanda ngazi, na kwamba kabla ya mwisho wa Septemba yeye ndiye atakayesimama akiulizwa maswali. Akampa Consolate fomu ya kuachiwa, akampa kamba. Mwanamke hakusema asante, na Oswald alishukuru kwamba hakusema. Mlangoni aligeuka akauliza kuku waliobaki wanalishwa nini. Ule unga mweupe bado, akajibiwa, maana hakuna mwingine. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kesho yake, Jumamosi saa tatu, Oswald aliuchukua mzigo wa mwisho wa kuni uliobaki nyuma ya jiko lake. Hakuita difenda wala hakuvaa sare. Aliuweka begani, akashika njia ya Katubuka, na njia ya Katubuka inapita katikati ya soko. Jasho lilimtiririka. Alipofika kwa wauza ndizi, mama mmoja aliyemfahamu akamtania, akamuuliza afande siku hizi anauza kuni, na huo mzigo bei gani.

Oswald akasimama. Watu walikuwa walewale wa Jumatano.

"Siuzi, mama," akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia siku ya pingu. "Ni za wizi. Niliziiba mwenyewe kwenye mradi wa yule Mrundi niliyemfunga hapa. Nazirudisha."

Yule mama akacheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha, na kimya kikaenda meza kwa meza mpaka mwisho wa soko. Hakuna aliyepiga makofi.

Kwenye mradi, Consolate alikuwa jikoni, Ishimwe amekaa juu ya gunia na bendeji mpya mguuni. Sufuria kubwa ilikuwa tayari juu ya mafiga, na Bi Saumu, kanga kiunoni, alikuwa akichambua soya bila kuinua macho. Consolate aliukagua mzigo, akaona ulivyofungwa vibaya.

"Weka hapo," akasema.

Oswald akaweka. Hakukaribishwa kiti, na hakufukuzwa. Akapiga magoti mbele ya mafiga, akaanza kupanga kuni.